Breki za Gari ni Dhamana ya Mwenye Gari

Katika mazungumzo yahusuyo usalama wa barabarani hapa Visiwani, mengi husemwa juu ya mwendo wa kasi, juu ya magari kupakia abiria kupita kiasi, na juu ya vijana wanaopanda vespa na pikipiki bila ya kofia. Yote hayo ni kweli, na yanastahili kusemwa tena na tena. Lakini liko jambo moja ambalo ni nadra kutajwa mpaka pale roho za watu zinapokuwa zimekwisha kupotea. Jambo hilo ni hali ya breki, na hasa zile pedi zilizokwisha na diski zilizolika ambazo huachwa gurudumuni mpaka siku zinapokataa kazi.

Leo twapenda kulizungumza jambo hilo kwa kirefu. Rai yetu ni kwamba lawama ya breki mbovu isiachwe mabegani mwa dereva na fundi peke yao. Mwenye gari ndiye mwenye dhamana, awe mtu binafsi, kampuni, skuli au Serikali; na mkaguzi naye anao wajibu wa kuhakikisha kwa kipimo, si kwa macho, kwamba dhamana hiyo imetekelezwa.

Kabla ya kufika huko ni vyema tukumbushane kazi ya vyombo hivi, maana wengi wetu twavitumia kila siku bila ya kuvijua. Katika magari mengi yanayopita katika mabarabara yetu, kila gurudumu la mbele lina sahani ya chuma inayozunguka pamoja nalo. Sahani hiyo ndiyo diski. Pembeni mwake hukaa pedi mbili, moja ndani na moja nje. Dereva akanyagapo breki, mafuta ya breki husukuma pistoni, na pistoni huzibana pedi hizo juu ya diski. Msuguano ndio unaolisimamisha gari, na mwendo wote uliokuwamo hugeuka kuwa joto.

Joto hilo si dogo. Gari lenye uzito wa kilo 2,000 pamoja na abiria wake, likisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 72 kwa saa, hutoa katika breki zake joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji. Na mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki haizidi mara mbili, bali mara nne. Hebu tufikirie gari la abiria linalosimama mara 40 katika safari moja na kufanya safari 6 kwa siku. Gari hilo litakuwa limesimama mara 240 kabla ya dereva wake kurudi nyumbani kula chakula cha usiku. Chuma gani kitastahimili kazi hiyo bila ya kulika?

Kulika basi si kosa. Pedi zimetengenezwa zilike ili gari lisimame. Pedi mpya aghlabu huwa na unene wa milimita 10 au zaidi kidogo, na mafundi wengi duniani wamekubaliana kwamba ikibakia milimita 3 wakati wake umekwisha. Pedi nyingi zimewekewa kijibati cha chuma ambacho hugusa diski zinapokaribia kwisha na kutoa mlio mkali wa kukera masikio. Mlio huo umewekwa makusudi ili umsumbue mwenye gari mpaka aende gereji. Ni jambo la kusikitisha kwamba wako waliokwisha kuuzoea, wakaufanya kuwa sehemu ya sauti za gari kama vile honi na muziki.

Mlio ukipuuzwa, pedi huisha kabisa, na bati la chuma lililokuwa likiibeba huanza kuisugua diski, chuma kwa chuma. Hapo diski huchimbika mifereji, na gharama ya pedi peke yake hugeuka kuwa gharama ya pedi na diski pamoja. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapa ndipo penye desturi moja mbaya ambayo tungependa ikomeshwe. Gari lililokwisha diski hupelekwa gereji, mwenyewe akanunua pedi mpya, kisha pedi hizo zikafungwa juu ya diski ileile ya zamani yenye mifereji na kingo zilizosimama. Gari hutoka likionekana limetengenezwa, na kwa muda wa siku chache mlio hunyamaza. Lakini pedi mpya juu ya diski iliyochimbika hugusa vilele tu vya mifereji ile. Nguvu ya kushika hupungua, joto hukusanyika mahali pamoja, na pedi hizo mpya nazo huisha kabla ya siku zake.

Zaidi ya hayo, kila diski ina unene wa mwisho ambao haifai kupita. Mtengenezaji huupiga muhuri katika chuma chenyewe, na mara nyingi tofauti baina ya diski mpya na diski ya kutupwa ni milimita 2 tu, yaani tofauti ambayo jicho la mtu haliwezi kuiamua. Diski iliyopungua mno haiwezi kubeba joto. Huweza kupinda, huweza kupasuka, na pistoni nayo hulazimika kutoka nje ya kikombe chake kupita kiasi mpaka mafuta yakavuja. Mafuta yakivuja, kanyagio hushuka mpaka chini na gari haliitiki. Kuichonga diski ili ilainike ni halali ikiwa baada ya kuchongwa itabakia juu ya kipimo chake. Ikiwa chini ya kipimo, kuichonga ni kuzidi kuidhoofisha, na dawa yake ni kuitupa na kufunga mpya, kulia na kushoto kwa pamoja.

Sisi wakaazi wa visiwani tuna sababu za ziada za kulichunga jambo hili. Hewa yetu ni ya chumvi, na diski ni chuma kitupu kisichopakwa rangi katika uso wake wa kazi. Kutu nyepesi ya usiku mmoja huondoka kwa kukanyaga breki mara chache asubuhi, na hiyo haina neno. Lakini gari linalolazwa ufukweni, au linalokaa wiki kadhaa bila ya kutumika, hupata kutu inayochimba vishimo. Kutu hiyohiyo hukamata pini ambazo juu yake hucheza kile chombo kinachozibana pedi, ikawa pedi ya upande mmoja inafanya kazi na ya upande wa pili imelala. Gari la namna hiyo huvuta upande dereva akanyagapo breki, na katika njia nyembamba zenye minazi kila upande sote twajua mwisho wake.

Mafuta ya breki nayo yana tabia ya kunywa unyevunyevu wa hewani, na hewa yetu ina unyevunyevu mwaka mzima. Mafuta ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishakunywa maji, kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika pale mafuta yasipobanika, kwa hiyo dereva hukanyaga bila ya kupata kitu. Hatari hiyo humngojea zaidi anayeshuka vilima mfululizo na mzigo mzito, na ndugu zetu wa Pemba, wanaosafiri baina ya Mkoani, Chake Chake na Wete katika nchi ya vilima na mabonde, hawahitaji kuelezwa zaidi. Kubadilisha mafuta hayo kila baada ya miaka 2 ni kanuni njema kwa gari lolote la visiwani.

Sasa tuulize, ikiwa mambo haya yajulikana, kwa nini magari yanaendelea kutembea na diski zilizokwisha? Jawabu lake halimo katika ujinga wa mafundi. Mafundi wetu wengi huiona diski mbovu mara tu gurudumu linapofunguliwa, na humwambia dereva. Jawabu limo katika hesabu. Katika magari mengi ya abiria dereva si mwenye gari. Yeye hulichukua asubuhi na jioni hupeleka hesabu iliyokubaliwa, na kinachozidi baada ya mafuta ndicho riziki yake na ya utingo wake. Siku ya kulilaza gari gereji ni siku ya kukosa. Pahala ambapo dereva huyo huyo ndiye anayetakiwa kununua vipuri, atanunua vilivyo rahisi kabisa, na diski ataiacha kwa siku nyingine.

Kwa hiyo aijuaye hatari hana fedha, mwenye fedha hamo ndani ya gari, na waliomo ndani ya gari, yaani abiria, hawajui lolote. Mpango wa namna hiyo hauwezi kuleta usalama hata kama kila dereva angekuwa mchamungu.

Ndiyo maana twasema kwamba breki ni dhamana ya mwenye gari. Katika kila mapatano baina ya mwenye daladala na dereva wake, na yawe ya maandishi, iandikwe kwamba pedi, diski, viatu vya breki za nyuma na mafuta ya breki ni gharama ya mwenye gari. Na kwamba siku gari linapolazwa kwa ajili ya breki, hesabu ya siku hiyo haidaiwi. Vyama vya wenye magari ya abiria vinaweza kuanza jambo hili hata kabla ya kutungiwa sheria, na vikifanya hivyo vitajijengea heshima kubwa mbele ya wananchi.

Serikali nayo ni mwenye gari, tena mwenye magari mengi. Haitakuwa haki kumtaka mwananchi mwenye gari moja atimize yale ambayo Wizara haiyatimizi. Kila gari la Serikali liwe na daftari lake ambamo huandikwa unene wa pedi na wa diski kila linapofanyiwa matengenezo, na mkuu wa idara atie saini. Dereva wa Serikali anayeripoti kwa maandishi kwamba breki zimekwisha asilazimishwe kuendelea na safari kwa sababu fungu la matengenezo halijatoka. Ikiwa fedha zimepatikana kwa petroli ya safari, hapana budi zipatikane kwa breki za kuimalizia safari hiyo.

Kwa upande wa ukaguzi, magari mengi tunayoyatumia yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Huko yalikotoka, gari la binafsi hukaguliwa linapotimiza miaka 3 tangu liwe jipya, na baada ya hapo kila miaka 2, na breki zake hupimwa kwa mashine ambayo magurudumu huzungushwa juu ya mapipa na nguvu ya kila gurudumu kusomwa kwa tarakimu. Gari hilohilo likivuka bahari na kufika kwetu, halina budi likutane na mlinzi mwenye ukali usiopungua ule. Haistahiki gari lenye umri wa miaka 15 lichungwe kidogo kuliko lilivyochungwa likiwa na miaka 5.

Twapendekeza kwa wahusika kwamba vituo vya ukaguzi, vya Unguja na vya Pemba, viwe na mashine hizo, na palipo nazo zitumike kwa kila gari la abiria na la mizigo. Pasipo na mashine, gurudumu lifunguliwe na diski ipimwe kwa maikromita, chombo kidogo ambacho fundi hukitia mfukoni. Tarakimu zilizopatikana ziandikwe katika cheti chenyewe. Cheti kinachosema tu kwamba gari ni zima hakimsaidii mtu. Kinachosema kwamba diski ya kulia ina milimita 21 na haifai kushuka chini ya 20 humwambia mwenye gari kwamba siku zinahesabika.

Taasisi ya Viwango ya Zanzibar nayo inayo kazi yake. Pedi za bandia huingia sokoni katika maboksi ya kupendeza, na mnunuzi wa kawaida hana njia ya kuzitambua. Iko Kanuni Namba 90 ya Umoja wa Mataifa, inayoeleza viwango vya pedi za kubadilishia na, katika marekebisho ya baadaye, vya diski pia. Na bidhaa iliyopita katika majaribio hayo hubeba alama yake. Kuwataka waagizaji walete pedi zenye alama hiyo, au zenye kiwango kinacholingana nayo, si jambo la kushindikana. Aidha ziangaliwe pedi zenye asbesto, madini ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliyapiga marufuku kabisa kuanzia mwaka 2005, na Marekani ilitoa amri yake ya kuyakataza mwaka 2024. Fundi wetu anayepuliza vumbi la breki kwa mdomo, hali watoto wamesimama kando wakimwangalia, anastahili kulindwa.

Mafundi wenyewe wasisahauliwe. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, pamoja na vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, wanaweza kuandaa mafunzo mafupi ya jioni kwa mafundi wa gereji za mitaani, ambao wengi wao wamejifunza kwa kuangalia. Mambo ya kufundishwa si mengi. Gari lisiachwe juu ya jeki tupu, bali litegwe vigogo imara. Chombo kinachobana pedi kisining'inizwe kwa mpira wake wa mafuta. Diski mpya isafishwe ile grisi ya kukingia kutu kabla ya kufungwa, na isishikwe kwa mikono yenye oili. Pini zisafishwe na zipakwe grisi inayostahimili joto. Nati zikazwe kwa kukatiza, si kwa kufuatana. Kanyagio likanyagwe mara kadhaa mpaka ligangamae kabla gari halijaondoka, na dereva aambiwe kwamba kilomita mia za mwanzo asifunge breki za ghafla ila kwa dharura, ili pedi na diski zizoeane.

Wako watakaosema kwamba mapendekezo haya yatapandisha gharama, na kwamba magari mengi yakilazwa kwa siku moja wananchi watakosa usafiri. Hoja hiyo ina uzito, na hatuibezi. Ni kweli kwamba diski mbili zina bei kubwa kuliko pedi, na kwamba nauli haiwezi kupandishwa kila mtu anapotaka. Lakini hatusemi yote yafanywe kwa siku moja. Yaanze magari ya abiria na yale yanayochukua watoto wa skuli. Gari ambalo pedi zake zinakaribia kwisha lipewe siku za kujirekebisha. Lile ambalo diski yake imeshuka chini ya kipimo lisimamishwe hapohapo. Na ikiwa ushuru ndio unaofanya kipuri cha kweli kishindwe na cha bandia, wakubwa wetu walipeleke suala hilo katika vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, maana ushuru wa forodha ni jambo la Jumuiya nzima.

Gharama ya kutofanya lolote twaijua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani kote katika mwaka 2021, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza katika kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hatusemi kwamba breki ndizo sababu ya zote. Twasema kwamba pale mtoto anapokatiza barabara mbele ya gari, dereva mwenye akili timamu na mwendo wa wastani hana kingine cha kumwokoa mtoto huyo ila breki.

Watu wa visiwa hivi ni mabaharia, na twajua maana ya chombo kisichokaguliwa. Nahodha wa jahazi hatweki tanga mpaka chombo kimetiwa kalafati. Na mwezi Septemba 2011, pale MV Spice Islander ilipozama ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake, tulilia kwa pamoja na tukasema kwa pamoja kwamba chombo cha abiria kisiruhusiwe kuondoka kwa mazoea. Kauli ile ilikuwa ya haki kwa bahari, na ni ya haki vilevile kwa barabara. Gari la shamba lenye watu 25 nalo ni chombo cha abiria.

Kwa hiyo twatoa wito. Kwa wenye magari: mwiteni dereva leo, mumuulize diski zilipimwa lini, na mkae tayari kulipa. Kwa madereva: msione haya kulisimamisha gari linalolia. Kwa abiria: mnayo haki ya kuuliza mnaposikia chuma kinasaga chuma, na utingo asiwajibu kwa kejeli. Na kwa viongozi wetu Serikalini: anzeni na magari mnayoyapanda wenyewe, kisha mje kwetu na sheria. Mkianza hivyo, hakuna mwananchi atakayekuwa na hoja ya kuikataa.